Jani Mama

Jani la tatu lilikatikia Kisesa.
Mlio mmoja tu, mkavu, kama mfupa wa kuku,
na pikapu ikainama upande wa dereva
kama mtu anayesikiliza umbea.
Nyuma magunia thelathini na mawili ya dagaa,
mbele mvua, iko juu ya Magu, inakuja.
Nikafunga kwa tyubu ya baiskeli
nilivyomwona baba akifunga mwaka wa Elinino,
nikageuza, nikarudi mjini mwendo wa jeneza.

Gereji ya Mashishanga iko Mabatini
kati ya mawe mawili makubwa kuliko nyumba.
La kushoto ameliandika namba ya simu.
La kulia humpa kivuli hadi saa saba.
Alilala chini ya gari, tochi mdomoni,
maneno yakipita pembeni ya tochi:
"Hizi hazitengenezwi tena, Nyanzobe.
Lakini ninazo za mdogo wake."

Mdogo wake alikuwa pikapu ya mradi wa maji
iliyobiringika Usagara, nailoni bado iko kwenye viti.
Springi nyeusi, rangi haijachubuka,
mgongo umepinda kama wa paka aliyeona mbwa.
Tukazilaza mchangani, ubavu kwa ubavu na zangu.
Upana, sawa.
Urefu, vidole vinne zaidi.
Tundu la senta bolti limesogea mbele,
mahali ambapo ekseli yangu haijawahi kukaa.
Na jicho lake pana: bushi ya zamani
ilicheza humo kama kokoto ndani ya kibuyu.

Baba alikuja na bajaji, kaletwa na hasira.
Alipima kwa shubiri, mara tatu,
akapata jibu lile lile, akalichukia.
"Kiwanda kimoja, ukoo mmoja," alisema,
"lakini hawa hata jina la babu yao hawalijui."
Mashishanga hakubisha.
Yeye hubishana na bolti.

Alichukua jani mama la zamani, lililolala bapa
kwa miaka ya pamba, saruji, misiba, dagaa,
akaliweka juu ya kipande cha reli
akaligonga bila moto, nyundo ikitembea
kidole kwa kidole, asubuhi nzima,
mpaka likakumbuka mgongo wake.
Kisha akayafumua yale mapya.
Mama yao akamweka kando.
Watoto watatu akawakata ncha kwa grainda,
cheche zikirukia jiwe, zikifuta tarakimu ya mwisho ya simu.
Tundu jipya lilikula keki, sigara,
na kekee tatu. Umeme ulikatika mara mbili.
Jioni akayapanga: mama wa zamani juu,
watoto wa watu chini yake,
grisi katikati, yuboti nne,
akakaza mpaka spana ikalia.

Jeki ilipotoka, pikapu ikasimama
kama ng'ombe anavyosimama, matako kwanza.

Tulijaribu hadi Mkolani, gari tupu.
Ilirusha tairi la akiba, ikarusha jeki,
ikanigonganisha meno kwenye kila tuta.
Baba pembeni yangu hakusema neno,
na hakuna siku aliyonisema zaidi.
"Mpe mzigo," alisema Mashishanga kwenye simu.
"Hujampa mzigo, unamlaumu nini?"

Kesho yake, Igombe, alfajiri.
Wabebaji wakipakia, mimi nikichungulia.
Gunia la kumi, bado kuna mwanga kati ya majani.
La ishirini, yameanza kugusana.
La ishirini na saba, mama akaegemea.
Watoto wa watu wakapokea.
Baba akainama, na mgongo wake ule,
akapitisha ukucha pale mwanga ulipokuwa.
Haukupita.
"Ongeza mawili," aliwaambia wabebaji,
hakunitazama.

Kile kipande cha jani la tatu ninacho.
Mhunzi wa Nyakato alitaka kukifanya panga,
akanitajia bei, nikasema nitarudi.
Kiko chini ya kiti.
Kinalia kwenye kila shimo hadi Magu,
na kila siku nasema leo nitakitoa.