Mchumaji wa Usiku

Magunia kumi na moja juu ya paa la ploti yetu, Kariobangi South,
yaliyokuwa ya mchele wa Mwea kabla hayajawa shamba.
Katikati ya kila gunia nguzo ya kokoto,
ili maji yajue njia ya kushuka.
Mbavuni nimetoboa kwa kisu cha jikoni,
na kila tundu lina mche wake: sukuma, mnavu, terere,
na ule mwangani ambao Kwamboka wa namba sita
hataki niuite ila chinsaga,
na Apondi anauita dek.
Mmea wenyewe haujali. Unaota.

Dawa ya duka sinunui.
Vidukari wakija nawarushia majivu ya jiko,
wakizidi, pilipili iliyolala katika maji ya sabuni.
Mbolea ni mkojo wa sungura wa Mutiso,
kopo moja kwa makopo kumi ya maji.
Harufu yake imenifukuzia wageni wawili
na mtu wa kukusanya kodi,
na huyo wa mwisho simwombi radhi.

Hakuna anayelipa. Sahani tu isirudi tupu.
Ilishuka na terere, ikapanda na viazi vitatu,
ikashuka na kunde, ikapanda na chumvi ndani ya karatasi,
mpaka sasa sijui tena
ni sahani ya nani hii yenye ua la bluu.

Mwezi wa sita, baridi ya kukunja vidole,
mtu akaanza kuchuma usiku.

Nilikasirika, sifichi.
Nikashuka hadi kwa fundi nikanunua kufuli,
nikamwambia Apondi, nikamwambia Kwamboka,
nikaapa kwa maneno ambayo shemeji yangu mchungaji
asingependa kuyasikia.
Alfajiri nikapanda na tochi kuhesabu hasara.

Lakini macho yaliyopima vitambaa Mtaa wa Biashara
miaka ishirini na mitatu
hulijua jeraha la mkasi wa fundi
na jeraha la mkasi wa mlevi.
Nikainama.
Majani yalikuwa yamechumwa kutoka chini,
yale yaliyokomaa,
yakavunjwa kwa kushushwa, karibu na shina, bila kuchuna ganda.
Moyo wa kila mche ulikuwa umeachwa.
Gunia la miche ya juzi halikuguswa.
Konzi moja hapa, konzi moja kule,
kama mtu anayegonga hodi kwenye milango mingi
ili asimchoshe mwenyeji mmoja.

Mwizi hung'oa.
Huyu alikuwa amelelewa na mtu mwenye shamba.

Kufuli nililirudisha kwenye boksi lake.

Alhamisi ndiyo siku ya maji.
Kwenye foleni ya mfereji, mbele yangu,
mikono miwili juu ya mtungi wa manjano,
na ukucha wa kidole gumba una weusi wa kijani,
ule utomvu wa mnavu usiotoka kwa sabuni ya siku moja.
Mpangaji mpya wa chini, chumba cha karibu na choo.
Nasambu. Kiwanda cha nguo kilimwachisha Aprili,
ana mapacha wanaolia kwa zamu.

Nikatazama mtungi.
"Leo yana tope?"
"Yana," akasema. Kisha, baada ya muda:
"Kwa mimea yatafaa."

Hayo tu. Sijasema neno zaidi, wala yeye.
Ila magugu ya gunia la nne yalitoweka,
mchirizi ulioziba ukazibuliwa,
na Jumapili moja nikakuta kwenye msumari wa mlango wa paa
fundo la kitambaa cha leso,
ndani yake mbegu ndogo, za kijivu, nyepesi kama majungu ya chai.

Nikatafuta gunia la kumi na mbili.

Ni mrenda. Umeshafika kimo cha kiganja,
na upepo wa viwandani unaupiga asubuhi nzima bila kuuvunja.
Kwetu hatukuupika kamwe.
Wanasema unataka magadi, wengine maziwa,
Kwamboka anasema unataka subira.

Kesho nitauchuma, kutoka chini, nikiuachia moyo,
nitaweka kwenye sahani ya ua la bluu,
kisha nitashuka ngazi
hadi chumba cha karibu na choo,
nikaulize.