Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mimi ndiye mweka hazina, nisikilizeni:
hesabu za chama zimekaa sawa, ila ukurasa mmoja.

Msimu wa korosho ukiisha ghala hubaki tupu;
ndipo Newala ikatukumbuka, ikatupa funguo.
Wachoraji ishirini na watatu, wanawake watupu,
wa Tandahimba, wa Nanyamba,
na yule wa Lulindi ajaye kwa baiskeli ya mumewe.
Turubai zetu ni magunia. Ukipaka rangi nyepesi
namba za mnada huchungulia nyuma ya shavu la mtu.

Mwenyekiti ni Somoe Nampota.
Tulipomchagua tulipiga vigelegele mpaka popo wakahama,
hatukujua tunamnyang'anya brashi.
Tangu siku ile ni barua kwa mkurugenzi,
misumari, kodi, nani kamsengenya nani,
nani kazuiwa na mume: "Kuchonga ni kazi,
kupaka rangi ni kujipodoa."
Somoe akamfuata huyo mume,
akarudi jioni na mke, na rangi ya kijani nusu kopo.
Picha yake mwenyewe imetazama ukuta
mwaka wa pili; buibui wameimalizia anga.
Alichochora mwaka mzima
ni sahihi, kwenye stakabadhi zangu.

Basi Machi, mvua, kikao cha ugomvi:
fedha ya picha ya Rukia Chitanda, nani kala?
(Hakuna aliyekula. Ilinunua mabati.)
Tukapayuka. Mwenyekiti kimya, kainama
juu ya daftari langu. Nikadhani anajumlisha.

Nililifungua nyumbani, karibu na taa.
Juu ya safu ya madeni, kwa kalamu yangu ya hesabu,
tulikuwemo: vinywa wazi, vidole juu,
kanga ya Bi Zamoyoni imemdondoka bega,
na mimi pembeni, nimekumbatia kisanduku
kama mtoto mwenye homa.
Sikujua kwamba naogopa hivyo.

Afisa akaja kukagua. Akalamba kidole, akafunua.
"Hapa pana deni la laki tatu na arobaini,
silioni, limeingia kwenye nywele za mtu."
Nikamwambia deni tumelipa, nywele zimebaki.
Akataka ukurasa uchanwe. Nikavuta daftari.
Akatazama tena, kupita haja ya ukaguzi,
akauliza kama yule wa kushoto ni shangazi yake.

Ndiye.

Nimeiingiza safu ya mali: picha, moja.
Thamani: mwenyekiti hajasema,
kaenda Masasi kudai misumari.