Digrii Kumi Kabla ya Kilele

Grafton, Januari. Baridi imeng'ata hata kufuli.
Delmar Haugen kaja na Ford ya mwaka themanini na tisa,
asema inagonga, inagonga kila ikibebeshwa mzigo,
kama mtu aliyefungiwa ndani ya tangi.
"Ni kompyuta," asema. "Kompyuta imerukwa na akili."

Ardis hajibu. Anafuta puli kwa kitambaa,
anapaka chaki kwenye ufa mwembamba wa alama,
anabana waya wa silinda ya kwanza,
na injini ikishapata moto wake
anaizima, anainama, anachomoa kiunganishi kimoja
cha kijivu, kisichozidi kiungo cha kidole.
Anawasha tena.

"Sasa kompyuta imenyamaza," ananiambia.
"Ikiwa inasema, hutajua kitu:
itafunika, itarekebisha, itakupa jibu la heshima.
Mnyamazishe mkalimani kwanza,
kisha kiulize chuma."

Taa inapigapiga. Na hapo
(miaka minne niko hapa, bado moyo wangu hushtuka)
puli inayozunguka mara mia saba kwa dakika
inasimama. Imetulia kama sahani mezani.
Mstari mweupe unasoma kumi na sita.

"Nani alishika distributa hii?"

Delmar anatazama buti zake.
"Curtis. Msimu wa kuvuna viazisukari. Kwa sikio tu.
Alisema hivyo ndivyo inavyovuta."
Curtis, ndugu yake, tuliyemzika Novemba,
ardhi ikiwa bado inakubali sepetu.

Spana iko kwenye bolti. Ardis haizungushi.
Nje theluji inakwaruza mlango wa bati.
Kisha anatafuta msumari,
anachora mkwaruzo mfupi shingoni mwa distributa,
na mwingine chini yake, kwenye bloki, ikutane:
hapa ndipo mkono wake ulipoacha.

Ndipo analegeza. Anasukuma kwa kidole gumba,
kidogo, pungufu ya upana wa ukucha.
Kumi na nne. Kumi na mbili.
Kumi.
Anakaza. Anapima tena, maana kukaza nako husogeza.

Anazima, anarudisha kiunganishi, anawasha.
Alama inaruka juu, inacheza, haishikiki;
kompyuta imerudi kwenye maneno yake.

Delmar halipi mara moja. Anainama na tochi,
anaitafuta ile mikwaruzo miwili
ambayo sasa haikutani.