Pindo la Shaba

Ambros Furger aliteremka kutoka Silenen kwa miguu,
mwezi wa tatu, theluji imekuwa chafu kama maji ya kuoshea sufuria.
Bunduki ameifunga blanketi la farasi.
Akailaza mezani pangu kama mtoto mwenye homa.
"Zgraggen," akasema. Jina la kwanza hakulitaja,
maana jina la kwanza ni la mwanamke,
na yeye alikuja kwa fundi.

Ilikuwa ya babu yake. Kitako cha mjozi
kimeng'arishwa na mashavu ya wanaume watatu.
Mfukoni mwa koti, risasi tatu,
za mwisho Uri nzima, alidai,
nami sikumbishia: kiwanda kilizima tanuri
mama yangu hajaota jino.

Risasi za namna ile hazina kitovu.
Fataki imefichwa ukingoni, ndani ya pindo,
kama bibi afungavyo senti kwenye pindo la nguo,
na sindano ya bunduki ina meno mawili
yaumayo huku na kule kwa mpigo mmoja,
kwa sababu walioiunda hawakuuamini upande wowote.
Ndiyo akili ya watu wa milimani:
kamba mbili, milango miwili,
zaa wanane, utazika watatu.

Moja ya zile risasi ilikwisha kuumwa.
Vidonda viwili ukingoni, kama vya nyoka.
"Hii babu aliifyatua mwaka aliokufa. Haikulia.
Akaichomoa, akacheka, akanitia mkononi.
Nilikuwa na miaka sita.
Ya kabla yake ililia. Hiyo ndiyo nataka kuisikia."

Nilimwambia ukweli kwanza, ndiyo kazi:
wakusanyaji wa Zürich watakununia,
bei itaporomoka,
na chuma kikishakatwa hakiombwi radhi.
"Sina wa kumuuzia," akasema. "Sina wa kumwachia."
Basi.

Sikukata cha zamani. Nilikereza kichwa kipya,
sindano moja, inayogonga katikati,
na kile cha meno mawili nikakiweka
ndani ya kopo la peremende za kikohozi,
nikaandika jina lake juu.
Fundi anayefuata, akitaka kunilaumu,
akute nilimwachia njia ya kurudi.

Maganda yalinisumbua kuliko chuma.
Niliandika barua, nilipiga simu,
niliambiwa njoo Alhamisi, nikaenda, pamefungwa.
Mwishowe, katika mnada wa Altdorf, mjane mmoja wa Erstfeld
alikuwa na sanduku la marehemu: shaba ishirini na mbili,
nyigu mkavu,
na karatasi yenye mwandiko wake:
siagi, sabuni, risasi, usisahau siagi.
Shaba aliniuzia kwa bei ya kutupa.
Karatasi alinipokonya.

Aprili, uwanja wa shabaha, asubuhi.
Furger alikataa viziba masikio.
Akalala kifudifudi, miaka themanini na moja,
akavuta pumzi, akaiacha nusu.
Bunduki ikasema.
Moshi ukasimama palepale, mweupe, haujui pa kwenda.

Akasubiri.
Nami nikasubiri, sijui nasubiri nini.

"Siyo," akasema. "Ile ilikuwa na mkia.
Ilipiga Bristen, ikarudi, ikaenda tena."
Ndipo nikasikia nilichozoea kutokisikia:
barabara kuu, malori yakipanda Gotthard,
mngurumo uliojaa bonde usiku na mchana
kama maji kwenye bakuli.
Mlima ulijibu, pengine. Hapakuwa na nafasi ya jibu.

Hakunilaumu. Alinilipa taslimu,
akaongeza robo ya jibini iliyofungwa gazeti,
akaibeba bunduki yake yenye kitovu akapanda nayo.

Ile risasi iliyoumwa aliiacha mezani.
Kwa kusahau, nilidhani, nikamkimbilia hadi darajani.
"Hiyo haina la kugeuzwa," akasema,
na kutembea hakuacha.

Iko kwenye kabati, imefungwa kwa pamba.
Siijui kama imekufa au imelala.
Nikifuta vumbi, naizunguka.