Roho Tatu

Kabla ya kompyuta nilichora vibao vya vinyozi,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili:
vichwa vitano, mitindo mitano, shingo ile ile.
Sasa nachora wapiganaji wa gemu,
kila mmoja katika mraba mdogo kama stempu,
bega mbele, macho kushoto,
mwanga wa buluu ukitokea chini
kana kwamba kila shujaa ameinamia friji.

Mwenye kazi aliandika: mchawi, mwanamke, atishe.
Nikamfuata shangazi Nambua kwenye cherehani yake.
"Nina roho ngapi humo?" akauliza, pini mdomoni.
"Tatu, shangazi."
"Chache. Niongeze."

Nikampa joho, moshi, pete ya zumaridi.
Nyusi niliziacha zilivyo,
na kovu lake la karabai.

Jibu likaja: rangi nzito mno, tunataka mistari myembamba.
Kidevu kichongoke. Punguza miaka ishirini.
Nikachonga kidevu. Nikafuta miaka kumi na minane.
Miwili ikabaki, imejibanza kwenye kope.
Kovu hawakuliona.

Jana, banda la gemu la Shekiondo, Makorora,
mtoto wa darasa la nne anachagua sura.
Anampita mfalme, anampita mwenye pembe,
kidole kinagota kwa shangazi.
"Huyu," anasema. "Huyu haogopi."

Alikufa mara tatu kabla ya magharibi.
Nje, Nambua akapita na baiskeli,
gunia la mkaa nyuma, kengele mbovu,
akiita kwa mdomo wake mwenyewe:
ngriing, ngriing, pisheni!