Mdomo wa Tangi

Tangu asubuhi keekee imelala juu ya gazeti,
umeme upo, waya unafika,
na mimi na Goulven bado tunabishana
tuitoboe wapi mashua hii.

Nje, Douarnenez inanyeshewa mvua ya Machi,
ile nyembamba isiyo na haraka.
Tangi limeshakaa chini, juu ya mkuku:
lita mia tatu na ishirini,
tumbo lisilo na mdomo.

Kaka yangu amechora msalaba wa penseli
sitahani, kando ya mlingoti.
"Hapa. Unasimama wima, unatia mpira,
yakifurika yanarudi baharini, godoro halilowi."

Kweli. Lakini mimi nakumbuka usiku wa tatu
katika Ghuba ya Biskaya, mashua ya Baba imelala ubavu,
upande wa demani ukinywa bahari tangu magharibi,
na kifuniko cha shaba, na ule mpira wake wa duara
wenye ufa mwembamba kama unywele.
Kulipokucha nilipika chai.
Tukatazamana.
Hakuna aliyeuliza nani kakosea sukari.

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa;
yakiingia chumvi je?
Siku tano tulikunywa sharubati ya pichi za kopo,
tukapigia mswaki bia.

"Basi ndani," nasema, "chini ya ngazi.
Bahari haifiki, na nayaona yanavyopanda."
"Na mpira upite wapi? Juu ya kitanda changu?"
Ni kitanda chake kweli. Nanyamaza kidogo.

"Nyuma, basi, karibu na mdomo wa dizeli.
Vifuniko viwili sambamba, vitapendeza."

Simjibu. Naokota msumari, nauweka kwenye kopo.
Anajua ninachokijua: Camaret, yeye ana miaka kumi na tisa,
kibarua cha pampu, vifuniko viwili pacha,
na lita arobaini za dizeli
ndani ya maji ya kunywa ya Mholanzi Wietse,
ambaye miaka miwili kahawa yake
ilinuka lori.

Goulven analamba kidole gumba,
anasugua msalaba wake. Haufutiki wote.
Kisha anashuka penye usukani, anafunua benchi la kushoto,
anaingiza kichwa ndani ya sanduku la kamba.
Sauti yake inatoka kama ya mtu kisimani:
"Huku juu, chini ya mfuniko.
Wimbi halioni. Godoro halioni. Dizeli iko mbali."

Nikampa penseli. Akachora duara.

Jumamosi tukatia maji mara ya kwanza,
masikio yetu yamebanwa kwenye sakafu,
tukisikia tumbo likibadili sauti,
ngoma, kisha koo, kisha kimya,
na bomba la pumzi likanitemea soksini.
Nikaonja. Hayana ladha ya chochote.

Msalaba bado upo sitahani, hafifu.
Wageni huuliza ni kaburi la nani.