Waya wa Mzinga

Klipu ya dukani ilikatika meno Jumanne
njiani kwenda Sikonge, kilomita ya thelathini na kitu,
na rejeta ikatapika maji yote ya Isevya
juu ya mchanga wa miombo.
Tulirudi tukivutwa na trekta la tumbaku,
kamba mbele, aibu nyuma.

"Nunua nyingine," akasema Mihayo wa spea.
Nyingine ni ile ile, ndugu yangu:
bati laini linalojiita chuma,
skrubu inayozunguka bila kushika kitu
kama mkutano wa chama cha msingi.

Nikakumbuka waya.

Kwenye banda la nyuma kuna mzinga wa gome
aliouacha mjomba Nkwabi. Nyuki walihama zamani,
waya wake ukabaki umejiviringa msumarini:
waya uliobeba asali juu ya mninga
misimu kumi na mmoja,
mvua, moto wa Agosti, kucha za nyegere,
haukulegea hata siku moja.
Niliusugua kwa tambara na mafuta ya taa.
Bado ulinuka nta.

Sasa sikiliza, maana mimi hakuna aliyenifundisha,
nimeharibu nne kabla ya hii.
Kata urefu wa mkono na shibiri mbili.
Kunja katikati, pole, usiuvunje;
pale kwenye kunjo pabaki jicho.
Zungusha mpira mara mbili, waya ulale ubavu kwa ubavu.
Ukipandana, utakata mpira badala ya kuubana.
Ncha zote mbili pitisha jichoni.
Kisha boliti.

Boliti ni ya kitanda chetu cha arusi,
kile kilichokuwa kinalia.
Mama Mbula alicheka nilipoifungua:
"Angalau safari hii itanyamaza."
Ncha zishikwe na tundu nililotoboa kichwani pake,
mdomo wa bomba uegemee jicho,
halafu nati, nusu mzunguko, nusu tena.
Waya unaanza kuzama mpirani
kama pete kwenye kidole kilichonenepa.
Hapo simama.
Tamaa ya robo mzunguko ndiyo iliyoniulia ya pili.
Pindua boliti yote nyuma, waya ujikunje juu ya jicho lake.
Kata. Gongea mikia chini, isije ikamchana mtu.

Hiyo ni ya juu.

Ya chini iko nyuma ya feni,
upande ambao mkono wa kulia haufiki
mpaka ung'oe rejeta nzima.
Nilijaribu kwa ubavu, kwa magoti, kwa matusi.
Mbula, miaka kumi na miwili, alikuwa ameshika tochi.
"Baba, sogea."
Akaingiza mkono wa kushoto,
mkono ule ambao bibi yake
ameupiga kofi penye sahani tangu ujue tonge,
na nikausikia, sikuuona,
ukitafuta jicho, ukilipata,
nati ikilia tik, tik, ikanyamaza.
Uso wake ulikuwa pembeni, ukutani,
kama mtu anayekama ng'ombe.

Tukawasha. Tukangoja sindano ipande.
Mpira ukajaa, ukakaza kama msuli.
Nikapitisha kidole chini: kikavu.
Robo saa baadaye: kikavu.
Nikakinusa hata hivyo.

Usiku, ugali na nsansa.
"Kulia," akasema bibi, bila kuinua kichwa.
Mbula akabadili mkono.
Ule wa kushoto ukabaki mapajani,
grisi kwenye kucha,
kidole gumba na cha shahada
vikizungusha, taratibu,
kitu ambacho hakikuwepo.